Mnataka Kuhamia Mkoa wa Baridi? Nendeni Kwanza Mwezi wa Saba

Wenza wengi wa Dar es Salaam huamua kuhamia mkoa wa baridi wakiwa kwenye likizo ya Desemba. Wamepanda Lushoto au Njombe kwa sikukuu, wamekuta kijani kila upande na ukungu asubuhi, wamelala bila feni, na wanarudi mjini na neno moja: tukaishi kule. Mimi na mwenzangu tuliamua hivyohivyo. Tulikuwa tumepanga Temeke, chumba kisichopitisha upepo, na usiku mmoja wa Desemba mjini Njombe ulitutosha.

Kosa letu ni kwamba Desemba si mwezi wa baridi. Baridi ya nyanda za juu ni Juni, Julai na Agosti, msimu ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa huuita kipupwe. Siku tuliyofika na mizigo, mama mwenye nyumba alituangalia tukishusha vitu, akauliza, "Wanangu, mmekuja na mablanketi mangapi?" Tukamjibu, "Mawili, mama." Akasema, "Hayo ni ya Januari." Ilipofika Juni tulielewa. Shuka ukiligusa usiku unadhani limeloa. Mafuta ya nazi yameganda kwenye chupa. Nguo ulizofua Jumamosi unazianua Jumatatu, na pindo la suruali bado bichi. Hakuna lililotushinda, lakini yote yalitugharimu fedha ambazo hatukuwa tumezipanga.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, tafuteni siku nne au tano za mwezi wa saba, mwende wote wawili mahali mnapopafikiria. Msifikie hoteli ya watalii. Laleni kwa ndugu, kwa rafiki au kwenye nyumba ya kulala wageni ya kawaida, muamke saa kumi na moja alfajiri, muoge na mtoke kama watu wanaokwenda kazini. Nauli na malazi ya safari hiyo ni fedha ndogo kuliko hasara ya kuhamisha vitanda mara mbili.

Je, mtajuaje mahali fulani pana baridi kiasi gani? Baridi ya nchi yetu hufuata mwinuko, yaani urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Kila mnapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa wastani wa nyuzijoto 6 hivi. Chukueni usiku wa Julai wa Dar es Salaam, ambao ni kama nyuzijoto 19. Njombe mjini iko karibu mita 2,000, kwa hiyo toeni nyuzijoto 12, zinabaki 7. Ni makadirio tu, kwa sababu upepo, mawingu na mabonde hubadilisha mambo, lakini hesabu hiyo itawasaidia kuliko maneno ya dalali. Baadhi ya simu za kisasa huonyesha mwinuko wa mahali ukifungua dira.

Kwa kipimo hicho, msidanganywe na majina. Moshi mjini, watu wanaiita mji wa baridi kwa sababu mlima unaonekana pale juu, lakini mji wenyewe uko chini ya mita 1,000, na Januari na Februari mtatokwa jasho kama kawaida. Baridi ya Kilimanjaro iko kwenye miteremko, Marangu na vijiji vya juu yake.

Arusha, Lushoto na Iringa ziko kati ya mita 1,400 na 1,600 hivi, na baridi yake ni ya wastani: usiku wa Julai mnahitaji blanketi zito, mchana mnatembea na sweta jepesi. Arusha ina kazi nyingi na hospitali, lakini utalii umepandisha kodi za nyumba na bei za viwanja. Lushoto ni tulivu na mboga ziko mlangoni. Ila ipimeni kwanza barabara ya kupanda kutoka Mombo, zaidi ya kilomita 30 za kona, kwa sababu kila mgonjwa wa rufaa na kila gunia litapita hapo. Iringa ni kavu na ina upepo. Kwa mtu anayesumbuliwa na unyevu kifuani, ukavu huo humfaa kuliko ukungu wa Lushoto. Ina vyuo vikuu pia, kwa hiyo mwenye wazo la kupangisha vyumba au kuuza chakula atapata wateja.

Mbeya, Mafinga na Njombe ni baridi ya kweli. Mbeya iko kama mita 1,700 na ndilo jiji kubwa la nyanda za juu kusini: kuna soko la Mwanjelwa, uwanja wa ndege wa Songwe, stesheni ya TAZARA, barabara kuu ya kwenda Tunduma, na hospitali ya rufaa ya kanda. Kama mmoja wenu ana kazi ya ofisini na mwingine ni mfanyabiashara, ningewashauri waanze kutazama hapo. Tukuyu, si mbali na Mbeya, ina ndizi, chai na kijani kisichoisha, lakini mvua yake ni kubwa mno, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mwenye pumu asikimbilie huko bila kujaribu. Njombe ni mji wa viazi, mbao, chai na parachichi, na Julai usiku hushuka chini ya nyuzijoto 10.

Makete ni baridi kali. Kwenye uwanda wa Kitulo, ambao una mwinuko wa mita 2,600 hivi na ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa maua yake, sakitu huanguka. Sakitu ni umande ulioganda kuwa barafu nyembamba juu ya majani. Ikipita usiku mmoja, shamba la viazi huamka jeusi kama limemwagiwa maji ya moto. Ni pazuri kupita maelezo, na Hospitali ya Ikonda huvuta wagonjwa kutoka mbali, lakini sipendekezi kuwa kituo cha kwanza kwa watu waliozaliwa pwani. Anzeni chini yake, mkizoea mpande.

Je, baridi inamfaa kila mtu? Hapana, na hapa naomba msione haya kuambiana ukweli. Mwenye selimundu, ugonjwa wa damu unaoleta maumivu makali ya mifupa, baridi humchochea maumivu hayo. Mwenye pumu hubanwa zaidi na hewa baridi. Presha nayo huwa na tabia ya kupanda majira ya baridi. Mwenye tatizo kati ya hayo aongee na daktari wake kwanza, na mahali pachaguliwe kwa kumfuata yeye, asiyeiweza baridi. Yule mwenye afya atazoea popote.

Malaria huku juu ni chache, kwa kuwa mbu na vijidudu vyenyewe hukua polepole kwenye baridi. Hata hivyo msigawe vyandarua. Mkikaa miaka bila kuumwa, mwili hupunguza kinga uliyokuwa umeijenga, na mkishuka pwani kwa harusi au msiba, malaria huweza kuwapiga vibaya, mjamzito kuliko wote. Na kama mna bima ya afya, ulizeni mapema ni hospitali zipi za huko zinapokea kadi yenu.

Sasa kazi, maana wenza wengi hukwama hapo. Mara nyingi mmoja amepata kazi au uhamisho, na mwingine "atatafuta cha kufanya tukifika". Yule wa pili ndiye anayebaki ndani siku nzima na ukungu dirishani, hana ndugu, hana mazoea, na nyumba ina baridi kuliko nje. Baada ya miezi mitatu ugomvi unaanza, na wote wawili wanadhani wamechokana. Kabla ya kuhama, kila mmoja akae peke yake aandike vitu vitatu ambavyo hawezi kuishi bila kuvipata: labda ni kazi fulani, kanisa au msikiti jirani, shule, mtandao wa simu wa uhakika, au kumfikia mama yake kwa safari ya siku moja. Kisha mlinganishe karatasi. Mahali pasipotimiza la kwanza la kila mmoja, pafuteni hata kama mandhari yake yamewaroga.

Watumishi wa umma, kama walimu na wauguzi, wanaweza kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Maombi hupitia kwa mwajiri na kwenye mfumo wa kielektroniki wa watumishi, na cheti cha ndoa kitahitajika. Jueni kwamba uhamisho ulioomba mwenyewe haulipiwi gharama na mwajiri. Wekeni akiba ya kubeba mizigo kwa fedha zenu.

Wanaotaka kilimo nawasihi waende taratibu. Viazi hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Parachichi za hass huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu. Miti ya mbao, ile misonobari, husubiriwa miaka 15 na zaidi. Mtu akiwaambia mnunue ekari kumi za miti mwaka wa kwanza, jiulizeni mtakula nini hadi ikomae. Kodini shamba dogo kwa msimu mmoja. Mvua za nyanda za juu kusini ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei, tofauti na Lushoto na Arusha zenye vuli na masika, na kalenda hiyo hubadilisha mipango yote ya fedha nyumbani.

Nyumba nayo, pangeni kwanza, mwaka mzima, mpite kwenye mvua na kipupwe kabla ya kununua au kujenga. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali huchukua sawa na kodi ya mwezi mmoja. Tuseme mmepata chumba na sebule kwa Sh 100,000 kwa mwezi: andaeni Sh 700,000 kabla ya kuingiza godoro. Ongezeni mablanketi mawili mazito, sweta na soksi kwa kila mtu, na zulia au mkeka mzito, kwa sababu sakafu ya saruji hunyonya joto la miguu. Nguo za baridi msizinunue Dar es Salaam. Kwenye mitumba ya Njombe au Mbeya wauzaji wanajua koti lipi linazuia upepo, na chaguo ni kubwa zaidi.

Nyumba ya baridi haikaguliwi kama ya pwani. Pwani tunatafuta dirisha kubwa na upepo. Huku angalieni kwanza kama kuna dari, kwa sababu bati tupu hupoa usiku, mvuke wa pumzi zenu hugeuka maji juu yake na alfajiri matone yanawadondokea kitandani. Tazameni kama madirisha yana vioo vinavyofunga sawasawa au ni nyavu tu. Pitisheni mkono chini ya mlango msikie upepo. Nuseni kona za ukuta nyuma ya kabati: harufu ya uvundo na madoa meusi ni kuvu, na vifua vyenu vitalipa.

Halafu kuna jambo ambalo madalali hawalitaji. Kwetu, miezi ya Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini wa anga. Chumba chenye dirisha la kaskazini hupata jua mchana kutwa katika miezi ileile ya baridi, na cha kusini hakioni jua kabisa. Kupata kaskazini ni rahisi: simameni asubuhi mkilitazama jua linapochomoza, na mkono wa kushoto utaelekea huko. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa na chumba cha kulala upande wa kusini. Tulipohamishia kitanda sebuleni, kaskazini, tulipunguza blanketi moja.

Mtaoga maji ya moto kila siku, kwa hiyo pigeni hesabu ya umeme. Hita ya wati 1,500 ikiwaka saa moja kwa siku hula uniti 1.5, karibu uniti 45 kwa mwezi. Walio kwenye bei nafuu ya matumizi madogo, ambayo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, watakuwa wametumia zaidi ya nusu kwa kuoga tu. Jikoni pia mambo hubadilika. Kwenye mita 2,000 maji huchemka yakiwa kama nyuzijoto 93, hayafiki 100, ndiyo maana maharage hayaivi haraka. Yalowekeni usiku kucha, au nunueni sufuria ya presha. Mkaa na gesi mtakavyookoa vitarudisha bei yake.

Na hapa naomba msome polepole. Usiku wa kwanza wa baridi kali, wazo litawajia la kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Msifanye hivyo. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala moshi. Makaa yaliyokwisha kukolea, yale mekundu yanayoonekana salama kabisa, hutoa sumu hiyo pia. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na familia nzima huweza isiamke. Kama lazima mote moto, oteni mkiwa macho, dirisha na mlango vikiwa wazi, na jiko litoke nje kabla mtu hajapanda kitandani. Mkimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye jiko, fungueni kila kitu, mtoeni nje kwenye hewa safi, mkimbizeni hospitali na mwambieni daktari kwamba kulikuwa na mkaa ndani. Kwa kulala, jazeni maji ya moto kwenye chupa imara, ifungeni vizuri, izungushieni kitambaa na muiweke miguuni. Inatosha.

Mwaka ukiisha na bado mnapapenda, ndipo mzungumzie ardhi. Kwa sheria za 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Sisi tunapewa haki ya kuitumia. Mjini, kwenye viwanja vilivyopimwa, mnapewa hati ya miaka 33, 66 au 99. Kabla ya kulipa, nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri mkaombe upekuzi rasmi, yaani kuthibitishiwa kwa maandishi mmiliki ni nani na kama kuna mkopo au kesi juu ya kiwanja hicho. Kuna ada ya kulipa, na mdai risiti ya serikali.

Kijijini, ardhi husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na hati yake ni hatimiliki ya kimila. Karatasi iliyosainiwa sebuleni kwa muuzaji mbele ya mashahidi wawili haitoshi. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji, ombi lenu liingie kwenye kikao, na mpewe nakala ya muhtasari wa kikao kilichoridhia. Tembeeni mipaka mchana, majirani wa pande zote wakiwepo, na mkewe muuzaji, au mumewe, awepo pia. Rafiki yetu mmoja alilipia shamba zuri sana, na wiki ya pili akajitokeza mke wa muuzaji ambaye hakuwa na habari. Alikuwa na haki, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na pale palikuwa na nyumba.

Jambo hilohilo linawahusu ninyi pia. Hati iandikwe majina yote mawili. Wapo wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa. Sheria ya Ndoa hudhania kuwa ni mke na mume waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawatambua hivyo, lakini dhana hiyo huweza kupingwa mahakamani, na kuithibitisha ugenini, ambako hakuna shangazi wala jirani wa zamani wa kuwatolea ushahidi, ni kazi ngumu. Majina mawili kwenye hati huandikwa siku moja tu.

Kuhusu wenyeji, wiki ya kwanza nendeni wote wawili kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji mkiwa na vitambulisho vya taifa na barua ya utambulisho kutoka mlikotoka. Msiende mmoja kwa niaba ya mwingine. Pakitokea ugonjwa usiku, jirani ajue majina yenu nyote. Ulizeni mchango wa misiba ni kiasi gani na hupelekwa kwa nani, kisha mtoe kabla hamjadaiwa. Jifunzeni salamu. Njombe na Iringa asubuhi utasikia "Kamwene", na anayeijibu kwa lafudhi ya Kidar husamehewa na kuchekewa kwa furaha. Mama mwenye nyumba wetu ndiye aliyetufundisha, siku alipotuletea blanketi la tatu.